Nani Kasema Samaki Haozi?

Karatasi yenyewe ilikuwa imetiwa nailoni. Naanza na hilo manake sijalisahau. Watu wametoka mbali kuja kutufunza habari ya taka, wamekula vumbi la barabara mpaka Mokowe, wameshusha mapipa meusi ya plastiki, halafu mafunzo yenyewe wameyaandika kwenye karatasi iliyovishwa nailoni pande zote mbili ili isije ikaoza. Upande wa kushoto alama ya kijani, na chini yake picha: tufaha, karoti, majani ya letusi, ganda la yai, majani makavu mekundumekundu ya miti ambayo hapa kwetu haipo. Upande wa kulia alama nyekundu: samaki, nyama, mifupa, mafuta, chakula kilichopikwa, machungwa na malimau.

Bibi yangu hasomi herufi hizi. Anasoma za Kiarabu. Lakini picha anaziona vizuri tu. Akaishika ile karatasi mbali kidogo na uso, akauliza, "Hivi vya nyekundu n'nini?" Nikamwambia ni vitu ambavyo havitiwi kwenye pipa. Akaitazama tena kwa muda.

"Basi nitie nini, mwanangu? Mimi sili tufaha."

Warsha ilikuwa imeshakwisha, soda zimeshanywewa, gari limeshaondoka. Mimi ndiye niliyebaki na swali, na mpaka leo ninalo. Nimengoja karibu mwaka mtu mwenye shahada yake aandike haya. Hakuna aliyeandika, so naandika mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Orodha ile, na zile zote mnazozipitisha huko Instagram za "vitu vya kutia na visivyotiwa kwenye mboji ya nyumbani", pengine ni sahihi huko zilikoandikwa. Zikifika mji wa wavuvi zinafanya madhara. Na madhara yenyewe nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyafanya kwa mikono yangu.

Hebu tuingie jikoni kwetu tuhesabu. Chakula cha kawaida ni wali wa nazi na samaki, mchicha ukipatikana. Bibi anakuna nazi. Kifuu kinakwenda jikoni kuwashia moto, na kinawaka kuliko mkaa. Makumbi yanarundikwa kando, nayo yana kazi yake. Machicha yanakwenda kwa kuku kabla hata tui halijapanda jikoni. Maganda ya maembe na ya ndizi ni haki ya mbuzi, na mbuzi wa Mokowe hawangoji kuitwa, wanasimama mlangoni kama wageni walioalikwa. Wali uliobaki usiku ni kiporo cha asubuhi, ukichacha ni wa kuku tena. Kichwa cha samaki hakitupwi na mtu mwenye akili zake. Kinatiwa kwenye mchuzi na kinagombaniwa. Paka nao wanapata wanachopata.

Baada ya wote hao kula, kinabaki nini? Magamba. Matumbo. Mashavu. Mapezi na miba. Maganda ya kamba, na siku za neema maganda ya kaa. Ongeza majani ya chai, maganda ya vitunguu, malimau yaliyokamuliwa, ganda la yai moja moja. Sasa rudi kwenye karatasi, ondoa vyote vya upande mwekundu. Samaki ondoa, mifupa ondoa, malimau ondoa. Umebaki na majani ya chai, maganda ya vitunguu na maganda ya mayai. Nilijaribu kuyakusanya wiki nzima, walai. Yalijaa kikombe na sahani yake. Kwa kikombe hicho tukaletewa pipa la lita mia mbili.

Yaani tuliruhusiwa kuozesha vitu ambavyo hatuvitupi, tukakatazwa kuozesha vitu ambavyo ndivyo taka yetu.

Na usidhani taka iliyokatazwa pipani inapotea. Matumbo ya tafi wanne hayawezi kukaa jikoni mpaka kesho, si kwa joto hili. Lazima yatoke nyumbani siku hiyo hiyo, na yakitoka yanatoka ndani ya kitu. Kitu chenyewe ni mfuko wa nailoni. Najua, mifuko ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Nenda kaiambie ile iliyonasa kwenye mikoko. Mfuko anapewa kijana wa mkokoteni pamoja na shilingi ishirini, na kijana wa mkokoteni ana pwani yake anayoijua. Huko kunguru wanaufungua, punda aliyeachiwa ajitafutie anameza nailoni kwa sababu inanuka samaki na chumvi, na tumbo linamfunga. Ng'ambo kule Amu mjini kuna kituo cha kutibu punda cha shirika la Donkey Sanctuary, kipo tangu 1987. Ukimkuta mtu aliyewahi kumpeleka punda wake pale akiwa amevimba tumbo, muulize alichoambiwa kuhusu nailoni.

Kabla ya karatasi ile, taka ya samaki ya nyumba yetu haikuwa ikitoka uani. Ilikuwa na shimo.

Shimo la Bibi nilikua nikiliona na sikuwahi kuliona, ikiwa unanielewa. Ni kama vile usivyouona ukuta wa kwenu. Anachimba kwa jembe dogo mpaka mkono unazama hadi begani. Tini kabisa anatandika makumbi yaliyochambuliwachambuliwa na makuti ya zamani yaliyotolewa paani. Kila siku akimaliza kupaa samaki anakwenda na bakuli, anamwaga, anafukia kwa mavi makavu ya punda aliyoyaponda, halafu mchanga, halafu analaza juu tawi la miba ili paka wasifukue. Likikaribia kujaa analifunika na kuchimba jingine hatua tatu mbele. Mvua za masika zikianza, kwenye lile la zamani anapanda mpapai au mgomba. Hakuna siku alisema neno mboji. Yeye husema, "Mtanga huu una ndaa," na mtu mwenye njaa anapewa chakula, si swala la kufanyiwa warsha.

Na mchanga wa Mokowe una njaa kweli. Ni mwepesi, maji yanapita kama kwenye chekeche, na joto letu linazila haraka zile mbolea za asili zinazoingia humo. Nchi za baridi ukitia mboji udongoni inakaa miaka. Hapa inabidi urudie kila msimu. Kwa hiyo sisi ndio hasa tusioweza kutupa hata utumbo mmoja wa samaki.

Sasa turudi kwa hao waliokataza. Kwanza nitawatendea haki. Marufuku ya samaki na nyama ina sababu zake. Imeandikwa kwa ajili ya bustani ndogo za Uingereza na Marekani, kipipa cha plastiki pembeni, hali ya hewa ya baridi, kirundo kidogo ambacho hakipati moto hata siku moja. Samaki akilala ndani ya kirundo baridi, kilicholowa, kisichopitisha hewa, atanuka, na panya watakuja, na jirani atapiga simu. Kwa mtu yule, kwenye bustani ile, afadhali asitie. Sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale ushauri wa kuepuka panya wa London unapogeuzwa kuwa sheria ya maumbile, eti samaki haozi vizuri. Nani kasema samaki haozi? Muulize mtu yeyote wa bandarini samaki huoza baada ya muda gani.

Kuna jambo jingine ambalo hao watu wa warsha hawakulisema, sijui kama walilijua. Mzungu anayetajwa sana vitabuni kwenye habari za mboji, Albert Howard, alifanya kazi yake kubwa Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931. Kitabu chake kilichomtangaza kilitoka 1940. Njia yake ilikuwa kuchanganya mabaki ya mimea na mabaki ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, na kukigeuza kirundo kipate hewa. Mabaki ya wanyama yalikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Na mengi alijifunza kwa kuwatazama wakulima wa kule. Kwa hiyo maarifa yalitoka kwa wakulima wenye mashimo na samadi, yakaenda Ulaya, yakapunguzwa yaingie kwenye kipipa cha bustani, kisha yakarudishwa kwetu yamepungua hivyo hivyo na karatasi ya nailoni juu. Na kwenye maduka ya bustani ya huko huko Marekani wanauza mbolea ya samaki kwenye chupa. Samaki aliyesagwa! Anauzwa kwa pesa. Lakini Bibi asitie magamba ya tafi.

Nikueleze kinachotokea ndani, manake bila hilo tutabaki kubishana kwa picha. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji vyakula viwili, kaboni na nitrojeni, na vinataka kaboni nyingi zaidi, kama sehemu 25 hadi 30 kwa moja ya nitrojeni. Vitu vikavu na vya nyuzinyuzi, kama makuti, makumbi, maranda ya seremala na majani makavu, vina kaboni. Vitu vibichi na vya wanyama vina nitrojeni. Samaki ana nitrojeni nyingi sana. Harufu unayoisikia samaki akioza ni hiyo nitrojeni inayotoroka hewani kwa kukosa kaboni ya kuishika. Kwa hiyo kunuka hakumaanishi kwamba samaki amekosea kuwamo. Kunamaanisha kikavu hakitoshi, au maji yamezidi, au hewa haipiti. Kwa mkono wa kawaida: bakuli moja la matumbo, mabakuli matatu ya vikavu, na mengine mawili juu ya kufunikia. Na samaki akae katikati au tini, asiwe juu hata siku moja. Unyevu uwe kama kitambaa ulichokikamua. Kaskazi inapovuma kila kitu kinakauka, na kirundo kikikauka kinalala usingizi, hakiozi. Mwagia maji uliyooshea mchele. Maji ya kisima cha chumvi usithubutu.

Chumvi! Hicho ndicho kitu ambacho kingefaa kuwekwa upande mwekundu wa karatasi ya Mokowe, na hakikuwepo, kwa sababu aliyeichora hajawahi kula ng'onda. Samaki wa chumvi, papa mkavu, maji yaliyooshea samaki wa chumvi, usitie. Chumvi haiozi, na ikijaa kwenye udongo inaikausha mizizi. Wali wenye chumvi kidogo hauna neno, lakini ng'onda ni habari nyingine. Mafuta ya kukaangia nayo kweli usimwage. Yanavifunika vitu visipate hewa. Hapo karatasi ilikuwa sahihi, nakubali. Malimau? Tia, yakatekate tu, na usimwage ndoo nzima ya siku ya achari. Majivu ya mkaa ndiyo hatari iliyojificha: kwenye orodha za nje yanasifiwa, lakini ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, tayari ina chokaa ya kutosha, ukizidisha majivu unaizidishia tatizo. Kiganja kimoja basi. Vifuu usitie, utavikuta kama ulivyoviacha. Makumbi mazima vivyo hivyo, yachambue kwanza. Kokwa la embe litachipua badala ya kuoza. Maganda ya kamba na kaa yaponde.

Na miba? Hapa inabidi nijikosoe kabla hamjanikosoa. Miba haiozi haraka. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, sehemu kubwa ya alichokikuta kwenye taka za mji ule ni mabaki ya vyakula, miba ya samaki ikiwemo, imekaa humo miaka mia kadhaa, mingine zaidi ya elfu. Kwenye mchanga wenye chokaa mfupa unadumu. Sasa mtu anaweza kusema, "Si umeona? Samaki haozi." Nyama inaoza kwa wiki, mwiba unabaki, ukipata joto unakuwa mwepesi wa kuvunjika, na ukiwa udongoni haumdhuru mtu asiyechimba kwa mkono mtupu. Mimi nikifikiria Shanga nawaza jambo jingine: wale watu walikaa pale karne baada ya karne wakila samaki na kuziweka taka zao ardhini, na hatuna habari kwamba walihitaji pipa.

Kisima ndicho kikomo cha kweli. Usichimbe shimo la taka ya samaki karibu na kisima, hasa visima vyetu vifupi ambavyo maji yake yanatoka kwenye mchanga huo huo. Bibi alikuwa akilichimba la kwake upande wa pili wa nyumba, na niliwahi kumuuliza sababu nikapata jibu la jicho tu.

Nimesema "alikuwa". Sasa nieleze.

Baada ya warsha nilichemka. Nilitaka kuwaonyesha. Kukawa na harusi ya mtoto wa jirani, samaki wamepaliwa kuanzia alfajiri, ndoo tatu za matumbo na mashavu. Nikasema hizi nipeni mimi. Nikazibeba mpaka uani nikazimwaga zote kwenye lile pipa jeusi, nikatia maranda kidogo niliyokuwa nayo, nikafunga kifuniko. Pipa jeusi, kwenye jua la Mokowe, matundu manne madogo. Si tanuri hilo? Siku ya pili lilikuwa linatoa sauti. Siku ya tatu funza wametoka kwenye matundu wanashuka kwa foleni, na harufu imevuka ukuta, imevuka barabara, imeingia msikitini. Watu walipita wameshika pua. Nilichokifanya ni kosa la kila mwanagenzi: nitrojeni tupu, hewa hamna, na kiburi.

Wakaja watu wa mtaa, sitawataja, wala hawakuja kwa ubaya. Wakauliza harufu inatoka wapi. Wakazunguka uani, wakaliona pipa, wakaliona na shimo. Pipa lilikuwa na nembo, limeletwa na watu wa gari. Shimo lilikuwa shimo. Wakasema pipa lisafishwe na shimo lifukiwe, mambo ya mashimo ya taka yamepitwa na wakati, mama, siku hizi kuna utaratibu. Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani na mimi, ikiwa na picha ya samaki na mstari mwekundu juu yake, kwa hiyo ushahidi nilikuwa nimeshawawekea.

Aliyenuka ni mimi. Lililofukiwa ni shimo la Bibi, ambalo tangu nazaliwa sikuwahi kulisikia harufu.

Hakubishana. Aliwapa kahawa. Kesho yake nilimwona akifunga matumbo ya samaki kwenye mfuko, akiufunga fundo mara mbili, akimwita kijana wa mkokoteni kwa sauti ya chini kama mtu anayetuma kitu cha aibu. Naandika kwa hasira ya hicho kitendo, si cha kingine. Mwanamke aliyelisha mchanga wake maisha yake yote, ametiwa haya kwa jambo alilolijua, na waliomtia haya ni picha ya tufaha na mjukuu wake.

Tena jambo hili la kutafuta mtu mwingine atulie taka zetu lina historia pwani hii. Wale kunguru wembamba wenye shingo ya kijivu wanaotusumbua si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza, ili wasaidie kula taka za mjini. Wazo zuri, si ndio? Wakaenea pwani nzima, wakala mayai na makinda ya ndege wenyeji, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Kila mfuko wa matumbo unaotupwa mikokoni ni karamu yao. Unaweza kuwawekea sumu unavyotaka, lakini kama mtaa mzima umeambiwa samaki haruhusiwi kufukiwa nyumbani, chakula chao kiko pale pale.

Sheria ipo, na kwa haki yake ni sheria nzuri. Ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka inayooza itenganishwe na isiyooza. Mwezi Aprili 2024 NEMA nayo ikatoa notisi kwamba taka inayooza ikusanywe kwenye mifuko ambayo yenyewe inaoza kabisa. Vizuri. Lakini angalia mawazo yanavyokimbilia mfuko. Tunabishana mfuko uwe wa aina gani, kabla ya kuuliza kama ilikuwa lazima matumbo haya yatoke uani. Taka ya miji yetu, zaidi ya nusu yake ni vitu vinavyooza. Vikirundikwa dampo bila hewa vinatoa methani, gesi ambayo kwa miaka ishirini inapasha dunia joto zaidi ya mara themanini kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi. Kilo iliyoozea kwenu haihitaji mfuko, haihitaji gari, haihitaji dampo. Na kwa mji kama Mokowe, sehemu kubwa ya kilo hiyo ina magamba.

Najua wengi mnaosoma hapa mko Nairobi au Mombasa, ghorofa ya nne, uani hamna. Mtasema shimo la Bibi linawahusu nini. Kwenu nisemeje, pengine ile karatasi inawafaa kuliko sisi. Ukiwa na ndoo moja kwenye roshani, samaki usitie, nakuomba, nimeshakusimulia habari ya harusi. Ila acheni kuisambaza kama aya. Mtu wa Kisumu anakula omena na mbuta, mtu wa Kilwa anakula pweza, mtu wa Bukoba taka yake ni maganda ya ndizi kwa magunia na hana haja ya kufunzwa na yeyote, migomba yake imelishwa hivyo tangu zamani. Kabla hujamwambia mtu asichotia, ingia jikoni kwake uangalie baada ya kuku na mbuzi na paka kumebaki nini. Ni kazi ya asubuhi moja. Hao waliokuja kwetu walikaa siku mbili na hakuna aliyeomba kuona jiko.

Pipa letu sasa hivi linahifadhi mkaa. La jirani limepinduliwa, kuku wanatagia chini yake. Sijaona hata moja lenye mboji.

Mwezi uliopita nilichimba shimo upya. Nilichimba vibaya, fupi na pana kama kaburi la mbuzi, na Bibi alitoka akasimama mlangoni akanitazama bila kusema kitu, kisha akarudi ndani akatoka na jembe lake dogo. Nimekwenda kwa jirani mmoja mmoja, nikianza na wale walioziba pua, nikaomba radhi kwa ile harusi na nikaeleza kuhusu vikavu. Wawili wameelewa. Mmoja amesema atangoja mwezi aone kama litanuka. Hiyo ni haki yake.

Nimeandika pia orodha yangu, kwa mkono, kwenye ubao wa boksi la majani ya chai ambao ukilowa uoze wenyewe. Upande wa kutia: magamba, matumbo, mashavu, miba, maganda ya kamba yaliyopondwa, majani ya chai, vitunguu, malimau yaliyokatwa, machicha ya nazi. Upande wa kutotia: ng'onda, mafuta, vifuu, nailoni ya aina yoyote, na nepi, manake nepi nazo nimezikuta kwenye taka za jikoni na hilo ni la siku nyingine. Chini yake: kikavu mara tatu, funika, tawi la miba.

Nikamsomea Bibi. Alisikiliza yote akikuna nazi, akatikisa kichwa mara moja tu, kwenye machicha.

"Hayo ni ya kuku," akasema.

Nimeyafuta.